Isale Mbele ya Kamati

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia vitumbua, hakuna neno, nitakurudisha kwa ufupi. Mimi ni Mektrida, Mama Ester, mjane wa Damian, wa Kilema. Miaka kumi na moja nimekuwa muonjaji wa kahawa katika kampuni moja pale Moshi mjini. Jina la kampuni silitaji. Wao wana mawakili, mimi nina mdomo tu.

Niliwaachia pale nilipong'oa masale. Kwa msio wa huku, masale ni ile mimea ya majani marefu tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yaani mashamba yetu ya ukoo, na kwenye makaburi ya watu wetu. Ukiyang'oa ya mwenzio, umetangaza vita.

Jumapili ile nilitoka misa ya kwanza nikakuta shemeji yangu Aristides, kaka mkubwa wa marehemu, amesogeza mpaka hatua nne ndani ya shamba langu. Mibuni sita aliyoipanda Damian kwa mkono wake imekwenda upande wa pili. Hilo peke yake ningelipeleka kwa wazee. Lakini masale ya kupanda kwenye huo mpaka mpya aliyatoa wapi? Kaburini kwa Damian. Nilimuuliza mwenyewe, akanijibu mwenyewe.

"Nimeyatoa kwa Damian, ndiyo. Marehemu ana haja gani na mpaka?"

Niliyang'oa yote. Nikayabeba mpaka langoni kwake, nikamtupia miguuni huku watu wa misa ya pili wakipita. Nikamwambia ardhi hiyo ataipata siku watakapomzika juu yake. Hilo nilisema. Silikatai, na hata kwa padre sikulikataa.

Kosa langu jingine ni koti. Asubuhi za Kilema zina baridi, na koti zito kuliko yote niliyonayo ni la kampuni, lenye nembo kifuani. Rachel, mke wa Aristides, alikuwa ananirekodi kwa simu ya mumewe. Video waliyoisambaza inaanzia pale ninapong'oa. Aliyoyasema mumewe kuhusu kaburi yamekatwa.

Jumatatu saa nne asubuhi ilikuwa imefika kila kundi la WhatsApp kutoka Kirua mpaka Mkuu. Jumanne nikaitwa ofisini.

Afisa rasilimali watu wetu anaitwa Gladys. Ni binti mdogo, kucha ndefu, anaongea kama aliyezaliwa Dar. Lakini kwao ni Mkuu, Rombo. Hilo lishikeni.

Alinigeuzia simu yake. "Mama Ester, huyu ni wewe?"

"Huoni?"

"Naomba tuheshimiane."

"Nimekuheshimu. Umeuliza kama ni mimi, nami nimeuliza kama huoni."

Akavuta pumzi. "Koti hili ni la kampuni."

"Koti halikung'oa kitu. Nimeng'oa mimi."

"Bwana Aristides ni katibu wa kikundi cha wakulima wanaotuuzia kahawa. Ameleta malalamiko kwa maandishi. Anasema mfanyakazi wetu amemtishia kifo, akiwa amevaa nembo yetu, mbele ya wakulima wetu."

"Ni shemeji yangu. Tumegombana siku ya Jumapili, nyumbani kwangu, kwa ajili ya kaburi la mume wangu. Jumapili yangu imekuwa ya kampuni tangu lini?"

Alifungua kijitabu cha kanuni, akanisomea kwamba mfanyakazi hatatenda jambo lolote, awe kazini au nje ya kazi, litakaloharibu jina la kampuni. Kisha akageuza ukurasa wa mwisho. "Saini hii ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Siku niliyoajiriwa nilikuwa na mtoto mgongoni. Siku ile wangeniletea hati ya kunyongwa ningeisaini na kusema asante.

Akanipa barua ya kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Niliisoma mara mbili, na ninyi wasomaji naomba mnielewe hapa. Kazi ile si mshahara tu. Aristides amekitaka kihamba changu tangu siku ya matanga, na kilichomzuia ni kwamba sijawahi kumgongea mlango kuomba chochote. Mjane asiye na kazi huishia kuomba kwa wakwe, na muombaji hana mpaka. Nikipoteza kijiko cha kuonjea kahawa, nimepoteza shamba. Aristides aliliona hilo kabla yangu.

Nilipofika mlangoni Gladys akashusha sauti.

"Nikushauri kama dada yangu. Nendeni mkamalizane kwenu, kienyeji. Akiandika barua kwamba amekusamehe, mimi nitaipeleka kwenye kamati, na jambo litaishia hapo."

Nilimshukuru. Mniwie radhi, nilimshukuru kwa moyo wote.

Mama mkwe wangu anaitwa Yuditha. Anakaa kwenye nyumba yake ya zamani, katikati ya shamba langu na la Aristides, na wakamwana wawili tunampelekea chakula kwa zamu. Miguu imemwisha, kichwa bado kipo. Nilimweleza yote, kaburi, koti, kamati. Alisikiliza huku anamenya ndizi.

"Mpelekee isale," akasema.

Isale ni jani moja la masale, lililofungwa fundo. Ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kulikataa. Akilikataa, kosa linahama kutoka kwako linamwangukia yeye na nyumba yake. Akilipokea, jambo limekufa. Halitajwi tena, si na yeye, si na wewe, si kilabuni mkiwa mmelewa.

"Mama, aliyekosa ni yeye."

"Najua."

"Ameng'oa masale ya mtoto wako kaburini."

"Najua, Mama Ester. Nimemzaa, namjua."

"Sasa kwa nini nilipeleke mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayetaka kazi."

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Lakini mwenye shida ndiye anayetembea. Alhamisi nilichuma jani kwenye masale ya Damian, yale niliyoyaokota langoni kwa Aristides nikayarudisha kaburini, nikalifunga fundo. Nikachukua galoni la mbege, pombe yetu ya ndizi, nikampitia mzee Eliakim, katekista wa zamani na mzee wa ukoo, awe shahidi.

Aristides alikuwa uani kwake amekaa kwenye kiti cha plastiki kama mangi, chifu asiye na watu.

"Shikamoo, shemeji."

Aliniacha nisimame. Aliangalia ng'ombe, akaangalia mawingu, akamtuma Rachel sijui akalete nini. "Marahaba," akasema mwishoni. "Leo umekuja bila panga?"

"Nimekuja na isale."

"Basi piga magoti."

"Aristides," mzee Eliakim akasema, "isale halidai magoti."

"Aliponitupia majani miguuni, niliyadai mimi?"

Nilipiga magoti. Tope la uani kwake liliingia mpaka kwenye sketi. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, nikamwambia shemeji, nimekukosea kwa maneno, naomba tuyamalize. Kosa nililotaja ni la maneno. Kuhusu mpaka sikutamka kitu. Mzee Eliakim ni shahidi, yuko hai, kamuulizeni.

Rachel akanipiga picha.

"Picha ya nini, Rachel?"

"Kumbukumbu ya familia tu, wifi."

Aristides alilipokea. Alilishika kwa vidole viwili, lakini alilipokea. Akamimina mbege kwenye kata, akanywa, akanipa nikanywa, akampa mzee. Hapo kwa mtu wa kwetu hakuna tena ugomvi duniani. Nilisikia mabega yakishuka.

"Na ile barua ya ofisini, shemeji?"

"Hii hapa."

Alikuwa nayo mfukoni, imechapwa tayari, kurasa mbili zimebanwa pini. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwamba yeye Aristides amemsamehe shemeji yake Mektrida kwa moyo mweupe. Akaukunjua wa pili kwa chini tu, penye nafasi ya saini. Nikasaini, akairudisha mfukoni, akasema atampelekea Gladys mwenyewe.

Najua mnachosema huko mliko. Mtu mzima, miaka kumi na moja ofisini, anasaini karatasi bila kuisoma. Lakini niambieni ninyi mliozaliwa mlimani. Isale limepokelewa, kata ya mbege ina mate yenu wote wawili, halafu uchukue barua ya mwenzio uikague kama askari wa barabarani? Ingekuwa sawa na kumnyang'anya jani. Nilimwamini kwa sababu ya isale, si kwa sababu ya sura yake.

Jumanne iliyofuata nikaingia kwenye kamati ya nidhamu nikiwa nimenyoosha gauni la misa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Vedastus, meneja wa kiwanda, mtu wa Bukoba, mkali lakini si mwonevu. Gladys alikaa kulia kwake na faili.

"Bi Mektrida, barua hii unaifahamu?"

"Naifahamu. Ni ya msamaha."

"Tusomee ukurasa wa pili."

Nikaanza kusoma kwa sauti. Iliandikwa kwamba nilifika kwake kwa hiari yangu. Kwamba nilipiga magoti nikakiri kuwa mpaka aliouweka ni halali, kwamba niliharibu mali yake, kwamba nilimtishia kumuua na nilikuwa nimekusudia. Kwamba pamoja na kunisamehe kama ndugu, yeye kama katibu anaona kikundi hakiwezi kuendelea kuuza kahawa kwa kampuni yenye mtu wa namna hii. Chini kabisa, saini yangu.

Gladys akaisukuma mezani ile picha ya Rachel. Mimi kwenye tope, jani mkononi.

"Sikukiri haya," nikasema.

"Saini si yako?"

"Ni yangu. Maneno ni yake."

Vedastus aliigeuzageuza picha. "Hili jani ni la nini? Mimi si wa huku."

Akamtazama Gladys, kwa kuwa ndiye wa huku.

"Kimila," Gladys akasema, "mtu hulibeba anapokiri kosa."

Nilisubiri aendelee. Alikuwa anapanga karatasi.

"Gladys, maliza."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Mwambie likishapokelewa inakuwaje. Mwambie kwamba jambo linazikwa, na anayelifukua ndiye mkosaji. Au kwenu Mkuu masale hayaoti?"

"Mama Ester, naomba usinishambulie."

"Wewe ndiye uliyenituma kwa yule mtu. Kama dada yangu, ulisema."

Vedastus akagonga meza kwa kalamu. "Kamati haihukumu mila. Inahukumu mwenendo. Una jambo la kujitetea?"

Nikamweleza habari ya kaburi. Nikamweleza Aristides alichosema kabla sijagusa jani hata moja, na kwamba video imekatwa.

"Hiyo video nzima unayo?"

"Anayo yeye."

"Basi huna," akasema, na nadhani alisikitika kidogo, lakini kusikitika kwake hakukunisaidia kitu.

Jumatano nikapewa barua, na nakala ya ile ya Aristides imebanwa nyuma yake. Kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu nje ya kazi ulioathiri maslahi ya kampuni. Mzee mmoja wa masijala akaninong'oneza kwamba nina siku thelathini za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi. "Lakini usiende mikono mitupu, mama. Kule wanataka ushahidi."

Nilichukua kijiko changu cha kuonjea, kilichoisha upande mmoja kwa midomo yangu. Mlinzi akanipekua getini, akakirudisha ndani kwa sababu ni mali ya kampuni. Alikuwa kijana niliyemtafutia ile kazi mimi.

Nilipofika Kilema nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Akaniambia nimsomee ukurasa wa pili. Nikamsomea wote, na saini yangu nikamwonyesha.

"Amelifanya isale mtego," akasema.

Mchana ule Rachel alileta kiburu cha ndizi na maharage. Mama akakirudisha na sufuria yake. Kesho yake akaleta mtori, ukarudi. Siku ya tatu Aristides akaja mwenyewe kuuliza mama anaumwa nini. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia kila neno.

"Siumwi. Chakula cha nyumba yako sili."

"Mama, haya ni mambo ya ofisi, hayakuhusu."

"Nikifa, Aristides, usishike koleo. Nimemwambia Eliakim, na ataandika. Watanizika watoto wa watu wengine, wewe utasimama barabarani na wapita njia."

Kwa mwanamume wa kwetu, mtoto wa kwanza, hakuna kufukuzwa kazi kukubwa kuliko huko. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi nikashika meza.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, walikuja watatu. Aristides, Rachel na mzee Eliakim. Mama alikuwa amekaa uani kwangu, nimemletea kiti apate jua. Aristides hakukaa. Mkono wa kulia alikuwa na jani la isale lenye fundo. Hata hilo jani alikuwa amelichuma upande wangu, niliona ukingoni mwa shamba pale lilipokwanyuliwa, utomvu bado unatoka.

"Shemeji," akasema, "nimekukosea. Nimekuja tuyamalize."

"Umenikosea nini? Sema, mzee asikie."

"Ile barua niliongeza maneno. Na ile video niliikata."

"Nzima iko wapi?"

Akatoa simu mfuko wa shati kwa mkono wa kushoto, akaibonyeza, akanigeuzia. Nilijiona nimesimama kando ya kaburi, koti la kampuni, mikono mitupu. Halafu sauti yake, wazi kama ya redio. Nimeyatoa kwa Damian, ndiyo. Marehemu ana haja gani na mpaka?

Kazi yangu ilikuwa mle ndani. Shamba langu lilikuwa mle ndani, na mibuni sita, na kaburi.

"Nitumie hiyo," nikasema.

"Pokea kwanza isale. Ukilipokea, naifuta hapa hapa mbele ya Mama. Tuwe safi wote, isitajwe tena."

"Ukiifuta, Tume niende na nini? Zimebaki siku ishirini na sita."

"Isale halina Tume, shemeji. Unajua sheria yake kuliko mimi."

Nilimgeukia mama mkwe. Nilitaka atukane, amfukuze, anyanyue fimbo. Alikuwa amekunja mikono.

"Pokea, mwanangu," akasema.

"Mama, mimi nililipeleka likanila."

"Alilichafua yeye. Usilichafue na wewe. Ukilikataa, mkosaji ni wewe, na mimi nitakuwa nimekosa watoto wote wawili."

"Na kazi yangu?"

"Nitakula kwako, tutalala njaa pamoja. Pokea."

Huyu ndiye aliyenifunga kanga kiunoni siku Ester anazaliwa. Huyu ndiye aliyelala chini na mimi usiku wote wa matanga. Tangu niolewe kwenye ukoo huu, hajanidai kitu hata kimoja isipokuwa hiki.

Aristides akanyoosha mikono yote miwili. Kulia isale. Kushoto simu, kidole gumba kinangoja juu ya neno Futa.

Nilifuta mkono kwenye kanga, nikaunyoosha. Nikamsikia Mama akishusha pumzi nyuma yangu. Mzee Eliakim akavua kofia.

Mkono wangu ulipita juu ya isale ukakamata simu.

Sikupanga. Nawaapia sikupanga, ingawa mkono ni wangu na sina wa kumsingizia. Tulivutana kidogo, jani likaanguka, nikarudi nyuma na simu kifuani. Nilipoitazama, kioo kilikuwa kimezima. Kidole changu kilikuwa kimebonyeza pembeni. Nikabonyeza tena, kikawaka, kikaniomba namba ya siri.

Aristides hakunifuata. Aliliangalia jani pale chini, kisha akamwangalia mzee, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ulitulia.

"Umeona, mzee. Amelikataa."

Mzee Eliakim alirudisha kofia kichwani. Hakuna aliyeinama kuliokota.

Nikasikia kiti cha Mama kikilia. Alikuwa anajaribu kuinuka peke yake. Nikakimbia kumshika kiwiko, simu bado mkononi. Akautoa mkono wangu, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Si wewe," akasema. Akamnyooshea mkono Aristides. "Nirudishe nyumbani."